Mdudu Gani

Watu walimwita Mama Wote kwa sababu hakuzaa hata mmoja. Ndiyo tabia ya majina ya utani: mnene huitwa Sindano, mbishi huitwa Ndiyobwana, na mwanamke aliyemtafuta mtoto miaka kumi na tisa bila kumpata, mpaka mume akaenda kumtafuta kwingine na kumpata kwa jaribio la kwanza, huyo akaitwa Mama Wote. Alilipokea jina hilo kama unavyopokea kigoda kibovu ugenini. Si kizuri, lakini ukikikataa utasimama.

Kazi yake ilikuwa kukaa na watoto wa watu. Alikuwa na chumba kirefu nyuma ya duka la fundi viatu, chenye dirisha moja, mikeka miwili, na misumari saba ukutani ya kutundikia mifuko ya watoto saba. Waliletwa jua likiwa bado halijaamua kutoka, wakachukuliwa linapoegemea. Katikati ya hapo chumba kilikuwa na kelele kama tenga la kuku. Baada ya hapo kilikuwa na yeye peke yake, na nyundo ya fundi viatu upande wa pili wa ukuta, na hiyo nayo ilinyamaza mapema.

Kati ya wale saba alikuwamo mmoja aliyempenda zaidi, na mlezi anayesema hana wa namna hiyo anawafurahisha wazazi tu. Huyu aliitwa Jaji. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na tangu alipoletwa akiwa na miezi mitatu hakuwa na mchezo: alikaa kimya, mikono tumboni, akikutazama kama mtu aliyeshasikia upande wa mashtaka na sasa anangoja utetezi wako. Mama yake alikuwa mpiga pasi kwenye duka la dobi. Alimleta wa kwanza na kumchukua wa mwisho, kwa hiyo kila siku palikuwa na saa nzima ambapo Mama Wote na Jaji walibaki wawili, wakitazamana, hakuna mwenye haraka. Saa hiyo ndiyo aliyoiishi. Zilizobaki alizifanyia kazi.

Namna yake ya kulisha ilikuwa moja. Uji aliuonja kwanza, kijiko kwa kijiko, kwa sababu mtoto mwenye meno mawili hawezi kukwambia kuwa unamuunguza; atakwambia kwa kilio, na hapo umeshachelewa. Kijiko kikapita midomoni mwake, kikaenda kwa mtoto, kikarudi chunguni, kikaenda kwa mwingine. Chuchu ya mpira ikidondoka sakafuni, aliitia kinywani mwake, akaifyonza mpaka akaridhika, akamrudishia mwenyewe. Nyama aliitafuna kwanza. Mama yake alimlea hivyo, na bibi yake alimlea mama yake hivyo, na kama pana ubaya ndani yake hakuna aliyewahi kurudi kulalamika.

Aliyekuja kulalamika alikuwa bwana mmoja wa afya ya kinywa, mwembamba, mwenye taa kwenye paji la uso kama mchimba madini aliyepotea njia. Alikuwa akizungukia vyumba vyote vya kulelea watoto kuwatazama meno. Watoto walimpa jina palepale: Bwana Meno. Alianza na pacha, ambao walikuwa na miaka minne na ndio waliokuwa wakubwa pale. Aliinua mdomo wa juu kwa kidole, akamwonyesha Mama Wote mstari mweupe kama wa chaki, pale jino linapochomoza kwenye ufizi. Huo ndio mwanzo, alisema. Kwa mtoto wa tatu mstari ulikuwa umeshageuka wa kahawia. Alipomaliza, watano kati ya saba walikuwa nao, na Jaji alikuwa nao kwenye meno yote manne ya mbele, meno ambayo Mama Wote aliyangojea yatoke kama wengine wanavyongoja mshahara.

Mama Wote aliuliza mistari hiyo imetoka wapi. Bwana Meno akaketi mkekani akaeleza vizuri, maana alikuwa mtu wa subira. Alisema kuna mdudu mdogo asiyeonekana kwa macho, hukaa kwenye meno, hula sukari, na akishakula hukojoa tindikali, na hiyo tindikali ndiyo inayotoboa. Pacha walicheka sana hapo kwenye kukojoa. Mtoto, alisema, hazaliwi naye. Hupewa. Hupanda kwenye mate: kijiko kilichoonjwa, chuchu iliyofyonzwa, mwanasesere anayezunguka mdomo hadi mdomo. Mtu mzima mwenye meno mabovu humpa mtoto, naye mtoto humpa jirani yake wa mkekani. Kisha akamwomba Mama Wote, kwa adabu, afungue kinywa.

Upande wa kushoto vilikuwapo visiki vinne. Alikuwa anatafunia upande mmoja kwa miaka minane na kujiambia kuwa mtu mmoja hahitaji pande mbili.

"Mama," alisema Bwana Meno, akizima taa yake, "wadudu wao wengi watakuwa wametoka hapa."

Aliongeza mengine: kwamba na wazazi wao wakikaguliwa huenda wakakutwa vilevile, kwamba mistari myeupe hurudi nyuma ikiwahiwa, kwamba angerudi na dawa ya kuwapaka. Mama Wote hakuyasikia. Alikuwa akimtazama Jaji, naye Jaji alikuwa akimtazama yeye, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utetezi.

Aliyesikia vizuri ni Kulwa, yule pacha wa kwanza kuzaliwa, ambaye kinywa chake kilikuwa kama redio isiyo na kitufe cha kuzimia. Jioni ile alimweleza mama yake habari yote, ila kwa kifupi. Daktari amekuja. Amesema Mama Wote ana wadudu. Ametupa na sisi.

Mnajua lugha yetu ilivyo bahili wa maneno. Anayetambaa ukutani ni mdudu, anayetoboa mahindi ni mdudu, anayetoboa jino ni mdudu. Na ule ugonjwa ambao watu hawapendi kuutaja kwa jina, wakishusha sauti na kutazama pembeni, huo nao wanauita mdudu. Ana mdudu, husema, na wanaokaa karibu husogeza kiti. Mama Pacha hakuuliza mwanawe ni yupi. Alikwenda mlango wa pili, akashusha sauti, akatazama pembeni.

Sasa tumtendee haki mama yake Jaji: katika wazazi wote, ni yeye peke yake aliyekwenda kuuliza. Lakini bahati mbaya haina adabu. Alikwenda Jumamosi mchana, siku ambayo Mama Wote alikuwa ametoka hospitali kung'olewa visiki vyote vinne kwa mkupuo mmoja. Alitaka yaishe, ingawa daktari alimshauri afanye mara mbili. Walikutana pembeni mwa duka la fundi viatu. Mama Wote alikuwa amejifunga mtandio mpaka puani, macho mekundu, mfuko wa dawa mkononi, shavu limelala kwa ganzi, na kinywani pamba alizoagizwa aziume saa nzima bila kusema neno.

"Mama Wote," alisema mama yake Jaji, "nakuuliza kama mwanao. Usinifiche. Ni kweli una mdudu?"

Mama Wote aliinamisha kichwa. Ndiyo.

"Wa siku nyingi?"

Akanyoosha vidole vinane.

Mama yake Jaji alishika ukuta. "Na watoto. Umewapa?"

Hapo ndipo Mama Wote alipolia. Alikuwa amekaa siku tatu na jambo hilo kifuani, kwamba kijiko chake cha mapenzi ndicho kilichoharibu kinywa cha yule mtoto, na sasa mwenye mtoto alikuwa mbele yake anauliza. Hakutaka kujitetea. Aliinamisha kichwa mara mbili, machozi yakalowesha mtandio.

Mama yake Jaji akamwambia Mungu akupe nguvu, akarudi alikotoka, haraka, karibu mbio. Mama Wote alibaki amesimama, akashangaa moyoni jinsi mpiga pasi yule alivyo na huruma. Watu wangapi wangekuombea nguvu kwa ajili ya jino?

Jumatatu alifungua mlango, hakuja mtu. Aliweka uji chini, akautandika mkeka, akautandua, akautandika tena. Saa tatu alipita dada wa mmoja wa watoto kuchukua mfuko uliobaki msumarini. Alisema bibi yao amefika kutoka mbali, atakaa na mtoto. Saa nne akatumwa mwingine, na bibi mwingine. Mpaka kufikia Jumatano, bibi watano walikuwa wameingia mji ule kwa wiki moja, bila hata mmoja kuonekana barabarani. Akufukuzaye hakwambii toka. Na kumbe asiyetaka kuja hakwambii siji, anakwambia bibi amefika.

Wa Jaji hakuja hata kusema bibi. Mfuko wake ulibaki msumarini na soksi mbili ndani.

Mama Wote hakukasirika. Hilo ndilo baya zaidi. Alihesabu kuwa ni haki yao: amewaharibia watoto meno, wamewachukua watoto wao, hakimu gani angesema vingine? Aliona tu kuwa adhabu imekuwa ndefu kidogo kuliko kosa. Mwenye genge, ambaye zamani alikuwa akimchagulia nyanya na kumtania kuwa atamwoa mvua zikikatika, sasa alimwekea nyanya ukingoni mwa meza na kurudi nyuma hatua mbili. Jirani alihamisha nguo zake kutoka kamba wanayoshirikiana, akafunga kamba nyingine kwenye msumari uliolegea. Kwa ajili ya jino, Mama Wote aliwaza. Watu hawa wanathamini sana meno. Na alivyokuwa mtu wa mizaha, aliutunga mzaha mzuri juu ya hilo, akageuka kuusema, akakuta chumba.

Alipika chungu kilekile cha uji wa watu wanane wiki mbili nzima kabla mkono haujajifunza. Saa ile ya mwisho wa mchana, saa yake na Jaji, alihangaika nayo kuliko zote. Alijaribu kulala. Alijaribu kuosha vikombe visivyochafuka. Siku moja alivipanga vikombe saba mkekani kwa duara, vile wanavyokaa wenyewe, kisha akaona haya kana kwamba kuna mtu amefungua mlango, akavikusanya. Ufizi ulipona. Alikuwa akiupitisha ulimi pale penye mashimo, laini, pasafi, hakuna kinachouma, na kutokuumwa kule kulimwongezea upweke, kwa sababu maumivu nayo yalikuwa mwenzake wa miaka minane.

Wiki ya sita Bwana Meno alirudi na dawa yake ya kupaka na miswaki midogo saba. Alisimama mlangoni, taa ikiwa tayari usoni, akammulika mwanamke mmoja na mikeka miwili. Akauliza wako wapi. Mama Wote akamweleza bila uchungu: wazazi wamewaondoa, na wana haki, yeye mwenyewe alikiri. Alikiri nini? Alikiri kwa mama yake Jaji kuwa ana mdudu na kwamba amewapa watoto.

Bwana Meno alivua ile taa taratibu.

"Ulisema una mdudu. Wa wapi?"

"Wa meno. Kwani nina mwingine?"

"Ulimwambia wa meno?"

"Sikusema kitu. Nilikuwa na pamba. Niliinamisha kichwa tu."

Bwana Meno aliangalia lile genge kule nje, akaangalia kamba mbili za nguo. Akamwambia sasa, kwa sauti ya chini, watu wamesikia mdudu gani. Mama Wote alikaa chini. Alidhani atacheka, maana kisa chenyewe kilikuwa cha kuchekesha, na angekuwa amekisikia kuhusu mtu mwingine angekisimulia mpaka uzeeni. Kicheko hakikuja. Kilichokuja kilikuwa hesabu: mwenye genge, hatua mbili, jirani, kamba, wazazi sita, pamoja na wale aliowashikia watoto wakiwa na homa. Wote walidhani anakufa. Na hakuna aliyemletea hata kikombe cha maji.

Bwana Meno alijilaumu. Neno lile ni lake, alisema, angechagua jingine. Siku ileile alikwenda nyumba kwa nyumba akalifuta. Hakuwaachia wazazi hivihivi, aliwakalisha na kuwaambia kuwa hata huyo mdudu waliyemdhani hapandi kwenye kijiko wala kwenye kamba ya nguo; kisha akawasha taa akawakagua vinywa wenyewe. Kati ya sita, watano walikuwa na matundu, na Mama Pacha alikuwa na matatu. Habari hiyo nayo ilipita haraka.

Basi wakarudi. Walirudi kwa kelele, kama watu wanavyorudi wakiwa na aibu, kila mmoja akisema yeye tangu mwanzo hakuamini. Mama Pacha alimkumbatia kwa nguvu akamwambia, lakini na wewe si ungesema. Mama Wote akamjibu kuwa na yeye si angeuliza. Mwenye genge alimpa nyanya mkononi, akambana vidole kabisa. Watoto wakapewa kila mmoja kijiko chake, na uji ukawa unapoozwa kwa kubadilishwa bakuli. Kelele ikarudi. Watoto sita.

Saa ya mwisho wa mchana ilibaki tupu. Jaji hakuja.

Alingoja siku nane. Siku ya tisa alimwachia mke wa fundi viatu watoto kwa nusu saa, akatembea mpaka duka la dobi. Alipita nyuma, mahali penye meza nne za pasi, mvuke mpaka darini, na mashati ya watu wasiojulikana yamening'inia kama mkutano wa waliokosa vichwa. Mama yake Jaji alikuwa anapiga kola. Alimwona, akaendelea kuipiga ileile.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema Mama Wote.

Pasi ikasimama. "Wewe? Radhi ya nini?"

"Uliniuliza jambo la watu wazima, nikakujibu kwa kichwa. Ningekuuliza mdudu gani, yangeishia pale."

"Ungeniulizaje na pamba mdomoni?"

"Ningeandika."

"Wewe unajua kuandika?"

"Hapana."

Walikaribia kucheka wote wawili, kisha mama yake Jaji akaigeuza kola upande wa pili na uso wake ukageuka nao. Alisema alimpeleka mtoto kupimwa. Majibu yalichukua siku tatu, na siku hizo hakula, hakumwachia mtoto mtu yeyote, alikaa amempakata akimtazama anavyopumua. Alimchukia Mama Wote mpaka akaota amemtia pasi usoni. Majibu yakatoka, mtoto mzima.

"Siku ile ndiyo ningekuja," alisema. "Nilifika mpaka kwa fundi viatu. Nikakuona mlangoni unakung'uta mkeka, peke yako. Nikageuka."

"Kwa nini?"

"Ningesema nini?"

Kweli, angesema nini. Shati moja lilishushwa, jingine likapandishwa.

"Ningekuwa naye huyo mdudu mliyemdhani," alisema Mama Wote, "hapo ndipo ningehitaji mtu wa kunipigia hodi. Nakwambia ili ujue, si kwa kukusuta. Kuna mtu mwingine aliye naye, na mlango wake umefungwa vilevile."

Mama yake Jaji alifuta uso kwa shati la mteja, akaona alichofanya, akalikunja lile shati hivyohivyo.

"Anayekaa na mtoto sasa anampenda?" aliuliza Mama Wote.

"Anamweka safi."

"Sikuuliza hilo."

Pasi ilipumua mvuke. Mwenye duka alikohoa kule mbele, kile kikohozi cha wenye maduka. Mama yake Jaji akasema kesho anaingia mapema. Mama Wote akasema yeye hufungua mapema.

Na kweli akamleta. Alikuwa amerefuka, nywele zimekatwa, ana viatu. Mama Wote alikuwa amesimama mlangoni tangu taa za barabarani hazijazimwa, na alipomwona alinyoosha mikono, na Jaji akaitazama ile mikono, akaficha uso shingoni mwa mama yake na kulia kilio cha mtu anayeibwa. Majuma nane ni nini kwa mtu mzima? Kwa mwenye mwaka mmoja na nusu ni zama nzima, falme huanguka humo. Hakumjua. Mama yake alimbandua kidole kimoja kimoja kutoka kwenye nguo, akamweka chini, akaondoka bila kutazama nyuma, kwa sababu angetazama asingeondoka.

Jaji alilia mpaka akachoka. Kisha akaketi kizingitini, mgongo ndani, uso nje, kule mama yake alikopotelea. Mama Wote alijua nyimbo zote alizokuwa akizipenda, na mahali pa kumtekenya. Hakuimba wala hakumgusa. Aliketi upande wa pili wa mkeka, akanyoosha miguu, akaanza kukunja nepi ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja.

Baada ya muda mrefu mtoto aligeuza shingo kidogo, akamtazama kwa jicho moja juu ya bega, kama anayefungua jalada la kesi ya mtu asiyemfahamu. Hakukuta kitu. Akaurudisha uso barabarani.

"Usiharakishe, mheshimiwa," alisema Mama Wote. "Mimi sina safari."